Rufaa Isiyo na Hoja za Mrufani

Hotuba kwa mawakili chipukizi, viongozi wa mashtaka na wasaidizi wa kisheria, Nairobi

Waheshimiwa majaji na mahakimu, mawakili wenzangu, viongozi wa mashtaka, wasaidizi wa kisheria mnaofanya kazi magerezani, wanafunzi wa sheria, mabibi na mabwana, hamjambo.

Walionialika walinipa uhuru wa kuchagua mada, nami nikachagua sentensi moja tu. Ni sentensi ambayo kila anayesoma hukumu za rufaa za jinai amekwisha kuikuta mara nyingi hata macho yakazoea kuipita: mrufani hakuwasilisha hoja zozote za maandishi. Huandikwa mapema katika hukumu, baada ya kosa na miaka ya kifungo kutajwa, na mara nyingi hufuatwa na aya ndefu inayoeleza hoja za upande wa mashtaka. Jioni hii naomba tuitazame kwa utulivu, tujue imefikaje pale na ni kazi gani inayomngoja jaji baada ya kuiandika.

Maoni yangu nayatanguliza ili asiyekubaliana nami aanze kuandaa maswali. Hoja za maandishi ziliingia katika mahakama zetu ili kumpunguzia jaji muda wa kusikiliza maneno marefu, wala hazikuingia ziwe sharti la mtu kusikilizwa. Jaji anayeamua rufaa ya kwanza bila hoja za mrufani ana kazi kubwa kuliko mwenzake aliyeletewa hoja zilizopangwa, kwa sababu hana wa kumwonyesha ukurasa wenye tatizo. Itambidi autafute mwenyewe.

Nitaanza na nililoliona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mawakili katika mahakama moja ya jiji hili, nikingoja kesi yangu itajwe. Kwenye skrini ya ukutani alionekana mwanamume amesimama ndani ya chumba kidogo cha gereza, askari akiwa nyuma yake. Jaji alimwuliza kama ameandika hoja zake. Akajibu, "Mheshimiwa, zile karatasi za kesi sijapewa." Karani akatazama kwenye mfumo na kusema kwamba mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, ulikwisha kuchapwa na kuthibitishwa. Basi ulikuwa umetoka mahali pamoja na haujafika mahali pengine, na katikati hapo hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Jaji akampa siku 21. Mtandao ukakatika kidogo, mwanamume yule akaweka kiganja sikioni, askari akamrudia yaliyosemwa, naye akaitikia kwa kichwa.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa pale tena kwa shughuli nyingine, naye akaitwa. Hoja hazikuwapo. Upande wa mashtaka ulikuwa umewasilisha zake, kurasa nane au tisa zilizochapwa vizuri. Alipoulizwa kama ana neno la kuongeza, alisema, "Naiachia mahakama." Ikaandikwa kwa Kiingereza kwamba mrufani anaiachia mahakama, na tarehe ya hukumu ikapangwa. Yote hayo hayakuchukua dakika tatu.

Nimeyafikiria sana maneno yale mawili, kwa sababu nadhani tunayatafsiri vibaya. Katika Kiingereza cha mahakamani husomeka kama maneno ya mtu aliyenyanyua mikono, asiye na la kusema. Lakini Mswahili anayemwachia jirani mtoto wake asubuhi akienda kazini hajamtupa mtoto; amemkabidhi, na akirudi jioni atauliza amekula nini. Mwanamume yule hakuwa ameiacha rufaa yake. Kama angetaka kuiacha, sheria ilimpa njia ya kuiondoa kwa neno moja, na angeulizwa mara mbili kama anaelewa anachofanya.

Sasa tujiulize mtu kama huyo amefikaje mbele ya jaji akiwa mikono mitupu. Kifungu cha 349 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kinampa aliyehukumiwa na mahakama ya hakimu siku 14 za kukata rufaa. Kifungu cha 350 kinataka rufaa iwe ombi la maandishi linaloeleza mambo ya sheria au ya ushahidi ambayo hakimu alikosea. Kifungu cha 351 kinamruhusu aliye gerezani kulikabidhi ombi hilo kwa mkuu wa gereza, naye alipeleke kwa msajili. Kwenye karatasi mpangilio huu hauna kasoro. Ugumu wake ni kwamba siku 14 huisha kabla ya mwenendo wa kesi kuchapwa, kwa hiyo mfungwa anatakiwa kueleza makosa yaliyomo katika kitabu ambacho hajakiona. Waliotunga sheria hawakuwa vipofu kwa hilo, kwani kifungu hicho hicho cha 349 kinasema kwamba ikiwa kuchelewa kumetokana na kushindwa kupata nakala ya hukumu na ya mwenendo ndani ya muda unaofaa baada ya kuiomba, Mahakama Kuu haina hiari; itaipokea rufaa. Naomba mkumbuke kwamba sheria yenyewe inakiri kuwa karatasi huchelewa, na inakataa kumwadhibu mfungwa kwa kuchelewa huko.

Mfungwa hufanya nini basi? Humwendea mfungwa mwenzake anayejua kuandika rufaa. Katika kila gereza kubwa wapo, na wengine ni hodari kuliko baadhi yetu tuliomo humu ukumbini. Katika Gereza la Kamiti wapo waliosomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani. Hata hivyo mwandishi mmoja anayewaandikia watu 40 huwa na kielelezo chake, na kielelezo hicho huzunguka kutoka mkono hadi mkono. Niliwahi kupewa faili moja ya kujitolea ambayo sababu ya tatu ya rufaa ilisema kwamba hakimu alikosea kisheria na kiushahidi kwa kutegemea gwaride la utambuzi lililoendeshwa bila kufuata kanuni. Nikasoma mwenendo wote nikitafuta gwaride hilo. Halikuwapo. Mshtakiwa alikuwa amekamatwa na majirani waliomfahamu tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kupangwa kwenye mstari ili atambuliwe. Sababu ile ilikuwa ya mtu mwingine, ya kesi nyingine, imebebwa pamoja na mistari yake yote kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la mazoezi. Juu ya malalamiko yake halisi, ambayo alinieleza kwa dakika mbili tulipokutana, ombi lake halikuwa na neno hata moja.

Sasa mtu huyo aamriwe kuwasilisha hoja za maandishi. Mwenendo ukimfikia, utamfikia kwa Kiingereza. Kifungu cha 198 kinasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na sisi sote tunajua kwamba hata shahidi akitoa ushahidi kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakimu huandika kwa Kiingereza. Maneno aliyoyasema mwenyewe kizimbani humrudia kwa lugha asiyoimudu, naye anatakiwa aonyeshe ni wapi yalipindwa. Kwa hiyo nikisoma kwamba mrufani hakuwasilisha hoja, sisemi moyoni kwamba hakuwa nazo.

Hebu tugeukie kazi ya mahakama. Hapa sheria yetu imekaa vizuri kuliko desturi yetu. Mwaka 1972, katika kesi ya Okeno, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema jambo ambalo kila hukumu ya rufaa ya kwanza nchini hulinukuu hadi leo: mrufani katika rufaa ya kwanza ana haki ya kutarajia ushahidi wote upitiwe upya, kwa kina, na mahakama ya rufaa ifikie uamuzi wake yenyewe juu ya ushahidi huo, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza. Wajibu huo haukufungamanishwa na kuwapo kwa wakili wala hoja za maandishi. Ni haki ya mrufani kwa sababu tu ni mrufani.

Uzito wake unaongezeka mtu akisoma kifungu cha 361, kinachosema kwamba rufaa ya pili, ile iendayo Mahakama ya Rufaa, ni ya mambo ya sheria peke yake, na kwamba ukali wa adhabu unahesabiwa kuwa jambo la ushahidi. Maana yake ni kwamba jaji wa Mahakama Kuu ndiye mtu wa mwisho katika nchi hii mwenye uwezo wa kuuliza kama shahidi wa pili angeweza kumwona mtu usoni saa mbili usiku mahali pasipo na taa. Baada yake swali hilo halina pa kuulizwa, isipokuwa kwa mlango wa nyuma: kulalamika kwamba jaji hakuupitia ushahidi, maana kushindwa kuupitia ni kosa la kisheria. Mlango huo wa nyuma umepitiwa na wengi, jambo ambalo linatueleza kitu kuhusu jinsi mlango wa mbele unavyotumiwa.

Ni kweli kwamba sheria inaruhusu rufaa nyingine kukataliwa bila hata kusikilizwa. Kifungu cha 352 kinamruhusu jaji kusoma ombi na mwenendo, na kama rufaa inadai tu kwamba ushahidi haukutosha au adhabu imezidi, na jaji akaridhika kwamba madai hayo hayana msingi, anaweza kuikataa papo hapo. Mimi si shabiki wa kifungu hicho, lakini tazameni sharti lake: jaji anatakiwa athibitishe kwamba amesoma mwenendo. Hata sheria inapofunga mlango kwa haraka namna hiyo, inataka kwanza mtu awe ameisoma faili. Haiwezekani basi kwamba rufaa iliyokubaliwa kusikilizwa ipewe usomaji mdogo kuliko ile iliyokataliwa mlangoni.

Mtaniuliza: jaji anayesoma bila kuongozwa ataona nini? Ataona mengi, na mengine yapo kwenye kurasa za mwanzo kabisa. Mshtakiwa anaposomewa mashtaka na kusema "ni kweli", kifungu cha 348 kinamfungia rufaa dhidi ya kupatikana na hatia, kikimwachia tu kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Ndiyo sababu mahakama zetu zimesisitiza kwa miaka mingi, hasa tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973, kwamba kukiri huko kuwe dhahiri: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, jibu liandikwe kwa karibu iwezekanavyo na maneno yake, maelezo ya tukio yasomwe, aulizwe kama anayakubali. Sasa fungueni faili ambamo mtu amesema "ni kweli", kisha maelezo ya tukio yaliposomwa akasema "ni kweli nilimpiga lakini alikuja nyumbani kwangu usiku na panga". Huko si kukiri. Hayo ni maelezo ya mtu aliyejitetea. Mfungwa anayeandika rufaa yake kwa kielelezo cha mwenzake hatalisema hilo kamwe. Jaji anayesoma ataliona kwenye ukurasa wa pili.

Au chukueni suala la siku za mahabusu. Kifungu cha 333(2) kinataka kifungo kizingatie muda ambao mtu alikaa rumande kabla ya hukumu. Ni hesabu ya kutoa na kujumlisha tu. Tarehe ya kukamatwa imo kwenye hati ya mashtaka, tarehe ya hukumu imo mwishoni, na ikiwa mtu hakupata dhamana muda huo unaweza kuwa miaka miwili au mitatu ya maisha yake. Hukumu ikinyamaza juu yake, ofisi ya nyaraka gerezani itahesabu kifungo kuanzia siku ya hukumu, kwa sababu askari hana mamlaka ya kubuni. Hakuna hoja ya kisheria ya kuandika hapo. Panahitajika mtu mwenye kalenda.

Lipo jambo la umri, nami nitakaa nalo kidogo, maana ndilo linaloniondolea usingizi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inapima adhabu ya kumnajisi mtoto kwa umri wa mtoto. Akiwa na miaka 11 au pungufu, ni kifungo cha maisha. Akiwa kati ya miaka 12 na 15, ni miaka isiyopungua 20. Akiwa kati ya miaka 16 na 18, ni miaka isiyopungua 15. Mwezi Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisema kwamba viwango hivyo vya chini vilivyowekwa na Bunge vinabaki kuwa sheria, kwa hiyo hakimu hana nafasi ya kushuka chini yake hata akiona sababu. Kosa lenyewe ni la kutisha, na sitaki mtu atoke humu akidhani nalipunguza. Watoto wanaofanyiwa unyama huo wanastahili mahakama inayoandika hukumu ambazo hazitavunjwa baadaye. Lakini fikirieni faili ambamo hati ya mashtaka inasema miaka 11, mama anasema mtoto "ameingia kumi na mbili", kadi ya kliniki ina mwaka wa kuzaliwa uliofifia, na daktari aliyejaza fomu ya P3, ile ya polisi ya ripoti ya daktari, ameandika umri wa kukadiria. Kati ya kifungo cha maisha na miaka 20 kuna tarakimu moja kwenye kadi iliyokunjwa mara nne. Mrufani atasema hakutenda kosa. Ndivyo wasemavyo wengi, wa kweli na wa uongo. Kuhusu kadi hatasema lolote, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kadi ile ndiyo iliyompa adhabu yake. Ikiwa jaji ataishia kwenye sababu zilizoandikwa, kadi ile itabaki ndani ya faili bila kusomwa na mtu wa pili milele.

Kubadilishwa kwa hakimu katikati ya kesi, na wajibu wa hakimu mpya chini ya kifungu cha 200 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kumweleza mshtakiwa kwamba anaweza kuomba mashahidi waitwe tena, nitakutaja tu na kupita. Mawakili mnalifahamu, na ni la kuangaliwa kwa sekunde kumi.

Suala hili si letu peke yetu. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Swenson dhidi ya Bosler, iliyotoka jimbo la Missouri. Huko mtu alikuwa amehukumiwa, wakili wake wa kesi akajitoa baada ya kutoa taarifa ya rufaa, na mahakama ya jimbo ikaiamua rufaa kwa kusoma mwenendo na ombi lake tu, bila andiko lolote la hoja na bila wakili. Mahakama ya Juu ilisema haitoshi. Ilieleza kwamba wakili anayeandaa hoja humwonyesha jaji kanuni inayohusika na humfasiria sehemu za mwenendo zenye uzito, na kwamba mtu hawezi kunyimwa msaada huo kwa sababu tu ni maskini. Mwaka huo huo, katika kesi ya Anders kutoka California, mahakama hiyo ilisema kwamba hata wakili aliyepewa kazi na serikali akiona rufaa haina mashiko, hawezi kuandika barua fupi ya kujitoa na kwenda zake. Lazima aonyeshe kila kitu kwenye mwenendo ambacho kingeweza kumsaidia mteja, kisha mahakama isome yenyewe. Sisemi tuige kila kitu cha Marekani, nchi ambayo ina wafungwa wengi kupita kiasi pamoja na mawakili wake wote. Nimeitaja kwa sababu inakwenda mbele zaidi ya ninachoomba: mimi naridhika kwa kuanzia jaji akisoma, wao walisema kusoma kwa jaji, hata awe mwema vipi, hakuzibi pengo la wakili.

Katiba yetu ya mwaka 2010 haiko mbali na hapo. Kifungu cha 50(2)(q) kinampa aliyetiwa hatiani haki ya kukata rufaa, na kifungu cha 50(2)(h) kinampa mshtakiwa wakili kwa gharama ya serikali ikiwa bila hivyo dhuluma kubwa itatokea. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa hapa Nairobi ilisema kwamba anayekabiliwa na adhabu ya kifo anastahili wakili huyo, ikizungumzia watu wanaoshtakiwa kwa wizi wa kimabavu mbele ya mahakimu bila msaada wowote, wakati anayeshtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu hupewa wakili. Mwaka 2017, katika kesi ya Karisa Chengo, Mahakama yetu ya Juu ilisema haki hiyo haiji yenyewe kwa kila mtu. Mahakama itazame uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kulipa, kama ni mtoto, kiwango chake cha kusoma na kuandika, na ugumu wa shtaka. Mtu akiyasoma mambo hayo sita na kisha kutembelea bloku yoyote ya wafungwa wa vifungo virefu, ataona wengi wanaotimiza angalau manne. Ipo pia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 na taasisi iliyoanzishwa chini yake, lakini mikono ni michache na faili ni nyingi, na nyote mnalijua hilo.

Kesi hiyo ya Karisa Chengo ina funzo jingine, nalo ni jibu langu kwa wale watakaosema kwamba ninamtwika jaji mzigo wakati mrundiko wa kesi umetuelemea. Rufaa zile zilisikilizwa Malindi mwezi Oktoba 2013, katika wiki maalumu ya kupunguza mrundiko, ambapo majaji wa mahakama nyingine zenye hadhi ya Mahakama Kuu waliitwa kusaidia kusikiliza rufaa za jinai. Nia ilikuwa njema na hakuna aliyelala kazini. Baada ya miaka karibu minne ikaamuliwa kwamba majaji wale hawakuwa na mamlaka ya kusikiliza rufaa hizo, na kazi ikarudi ilikoanzia. Haraka ile iligharimu miaka. Rufaa iliyoamuliwa bila ushahidi kusomwa hufuata njia hiyo hiyo: itapanda Mahakama ya Rufaa, itarudishwa isikilizwe upya, na pengine mrufani atakuwa amemaliza kifungo au amefariki. Akifariki, kifungu cha 365 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaizika rufaa yake pamoja naye, isipokuwa ile ya faini.

Pingamizi jingine nalichukulia kwa uzito zaidi. Wapo majaji ninaowaheshimu wanaosema kwamba wakianza kumtafutia mrufani hoja, watakuwa wameshuka kutoka kitini na kukaa kwenye benchi la utetezi. Wasiwasi huo ni wa haki. Jaji asimbunie mtu utetezi ambao hakuutoa kizimbani, wala asidhanie mambo ambayo hakuna shahidi aliyeyasema. Lakini kuuliza kama upande wa mashtaka ulithibitisha kila kipengele cha kosa si kumtetea mtu. Mzigo huo ulikuwa wa mashtaka tangu siku ya kwanza na haukuhama kwa sababu mfungwa ameshindwa kupata kalamu. Tena jaji huyo huyo anao uwezo chini ya kifungu cha 354 wa kuongeza adhabu, na desturi nzuri ya mahakama zetu ni kumwonya mrufani kabla ya kufanya hivyo ili aweze kuiondoa rufaa yake kama anaogopa. Anayekubali kwamba mahakama imwonye asiyejua hatari aliyomo, amekwisha kukubali kwamba ukimya wa mrufani hauifanyi mahakama kuwa bubu.

Niwageukie viongozi wa mashtaka, ambao sikuwaalika waje kusemwa. Katika rufaa za namna hii, andiko lenu ndilo pekee lililomo kwenye faili. Nimesoma maandiko yenu yaliyonifurahisha: kiongozi wa mashtaka ameandika kwamba kupatikana na hatia ni sawa lakini siku za rumande hazikuhesabiwa, au kwamba umri haukuthibitishwa na adhabu inapaswa kushushwa. Mahakama haifungwi na kukubali kwenu, lakini ukurasa mliouonyesha utasomwa. Nimesoma pia maandiko yanayoanza kwa kusema kwamba, kwa kuwa mrufani hakuwasilisha hoja, rufaa haina kilichoiunga mkono na itupiliwe mbali. Naomba sentensi hiyo muiondoe kwenye kielelezo chenu. Haina kifungu chochote cha sheria nyuma yake, na aliyeiandika kwa kawaida anayo nakala ya mwenendo ambayo mwenzake hakuipata.

Kwenu wasaidizi wa kisheria ombi langu ni dogo. Msianze kwa kumwandikia mfungwa hoja za kurasa kumi. Anzeni kwa kuuliza kama mwenendo umemfikia, na kama haujamfikia, mwandikieni naibu msajili barua yenye tarehe, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kisha kaeni naye, mwacheni aeleze kwa Kiswahili, au kwa Kikamba, au kwa lugha yoyote aliyonayo, ni jambo gani anaona lilikwenda kombo, na mliandike kwa maneno yake. Jaji atalielewa zaidi kuliko gwaride la utambuzi lisilokuwapo. Nanyi mawakili vijana, faili moja kwa mwaka haitawafilisi. Mahakama za Milimani zimejaa rufaa ambazo zinahitaji mtu wa kusoma kurasa 60 na kuandika tatu.

Nimalizie na yule mwenye gwaride la kuazima, kwa kuwa najua mtaniuliza. Malalamiko yake aliyonieleza kwa dakika mbili yalikuwa kwamba shahidi mmoja, jirani aliyekuwapo, alitajwa na kila mtu na hakuitwa kamwe. Nikaomba ruhusa ya kurekebisha sababu za rufaa, nikapewa. Hoja hiyo jaji hakuikubali. Alisema ushahidi uliobaki ulitosha, na nadhani alikuwa sahihi. Lakini alipokuwa akisoma mwenendo aligundua jambo ambalo mimi, wakili, nililipita: hati ya mashtaka ilikuwa na tarehe ya kukamatwa iliyotangulia hukumu kwa miaka miwili na miezi minne, na hakimu hakuigusa mahali popote. Akaamuru kifungo kihesabiwe kuanzia tarehe hiyo. Hoja zangu za maandishi, ambazo nilizionea fahari, hazikuwa na neno juu yake.

Sasa nipo tayari kwa maswali yenu, na ningependa wa kwanza awe mmoja wa viongozi wa mashtaka.